Ua la Hiari katika Milima ya Lubero

Mwaka 1942, Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, mashamba ya walowezi wa Kibelgiji katika nyanda za juu za Kivu yalikuwa meupe kwa maua ya pareto. Japani, iliyokuwa ikiuza pareto nyingi duniani kabla ya vita, ilikuwa sasa upande wa adui, na majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji dawa ya kuua mbu na chawa. Mahitaji hayo yalielekezwa Kenya, na nyuma ya Kenya yakaja Kongo ya Wabelgiji, Lubero ikiwemo. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanakijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, yote kwa jina la juhudi za vita. Milima ikawa na maua tele, na walioishi kati yake wakawa na uhuru haba kuliko walivyouzoea. Historia hii inafaa kuwekwa mbele kabisa ya mazungumzo yoyote kuhusu maua na faraja, kwa sababu inabomoa wazo moja jepesi: kwamba ua, kwa rangi na harufu yake tu, hutuliza moyo wa anayeliona. Kama ingekuwa hivyo, wachumaji wa pareto wangekuwa watu wenye raha kupita wote wa zama zao. Ninachotaka kuonyesha hapa, kwa ushahidi wa milima ya Luofu, Butembo na Beni, na wa pwani tuliyorithi lugha yake, ni kwamba ua hufariji pale linapotoka katika mkono usioshurutishwa. Faraja yake ni faraja ya hiari. Ndiyo maana ua huwa na thamani kubwa zaidi wakati hiari nyingine zote zimenyang'anywa.

Tuitazame pareto kwa karibu, kwa kuwa kazi yenyewe inaeleza. Mche wake hupatikana kwa kupasua shina la zamani na kupanda vipande, na baada ya miezi minne hivi maua ya kwanza hutokea. Ni baridi ya usiku inayouamsha mmea: ukiupanda mahali pa joto utajaa majani na kunyima maua, na kwa sababu hiyo walowezi waliukimbilia mwinuko wa Lubero na Masisi badala ya bonde la Semliki. Ua huchumwa siku kavu, petali zake nyeupe zikiwa zimelala bapa, kwa kukata kichwa kati ya vidole bila kikonyo. Mchumaji hurudi kwenye mstari uleule kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa miezi mingi ya mwaka. Kilo nne au tano za maua mabichi zikikaushwa hubaki kilo moja, na kinachotafutwa ni sumu iliyojificha katika mbegu changa za kitovu cha ua. Macho ya mchumaji yamefundishwa kuona ukomavu, mikono yake kuhesabu uzito, na masikio yake kungoja mizani. Aliyesukumwa shambani na kodi na amri ya chifu aliyewekwa na wakoloni hakuwa na ruhusa ya kuchagua ua lipi abaki nalo. Ua lilikuwa zuri kama maua yote, ila uzuri huo haukuwa wake, na kitu kisicho chako hakikufariji hata ukikishika kutwa nzima.

Mtu anaweza kusema kwamba kosa hapa ni la ukoloni, si la biashara ya maua, na kwamba mkulima huru anayelima pareto yake mwenyewe huifurahia. Ni kweli, na hoja hiyo inaniunga mkono. Mkulima wa maharage naye hufurahi akiona shamba lake limechanua, kwa sababu ua la haragwe ni ahadi ya chakula. Furaha hiyo ni halali na ni kubwa, lakini inaelekea mbele, kwenye sufuria, na ikinyesha mvua ya mawe leo, hugeuka majonzi leo hiihii. Faraja ninayoizungumzia ni ya namna nyingine. Haisubiri mavuno, haina bei, na mtu huweza kuipata akiwa hana uhakika kama ataishi mahali hapo mwezi ujao. Kuitenganisha na ile ya kwanza hakumaanishi kuidharau ya kwanza. Kunatusaidia kuelewa kwa nini watu waliopoteza mashamba yao yote huendelea kutafuta ua.

Pwani ya Waswahili inatoa kielelezo kilicho wazi zaidi, kwa kuwa huko maua ya lazima na maua ya hiari yalistawi katika kisiwa kimoja, chini ya jua moja. Karafuu ni ua. Ni chipukizi la ua linalochumwa linapoanza kuwa na wekundu, kabla halijafunguka, maana likishafunguka thamani yake imekwisha. Tangu miaka ya 1830, chini ya Sayyid Said, Unguja na Pemba zilijazwa mikarafuu, na waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa waliotolewa bara, pamoja na nchi za maziwa. Sehemu kubwa ya utajiri wa Zanzibar ya karne ya 19 ilisimama juu ya ua lililozuiwa kuchanua. Pembeni ya mashamba hayohayo kulikuwa na asumini, mkadi, kilua, mrehani na mlangilangi. Maua hayo yaliokotwa jioni, yakatungwa kwa sindano na uzi yakawa kikuba cha kubanika nguoni au kwenye nywele, na usiku chumba kizima kikanukia. Asubuhi kikuba kimenyauka, na jioni hutungwa kingine. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamekatazwa mapambo ya waungwana walianza kujivika kanga, kujifunika buibui na kujipamba kama wapendavyo, na wanahistoria wa Zanzibar wameonyesha jinsi mavazi na mapambo hayo yalivyokuwa tamko la heshima mpya. Kwa mtu ambaye miaka yote mikono yake iliamriwa ua lipi lichumwe na lini, kutunga asumini kwa ajili ya mwili wake mwenyewe kulikuwa jambo zito.

Ushahidi wa pwani hauishii kwa waliokombolewa. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa mawaidha ambao mpaka leo unasomwa. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufa, na nchi yake ilikuwa imechoshwa na ugomvi wa miaka mingi na watawala wa Zanzibar. Mama aliyejua kwamba siku zake zinahesabika angeweza kumwachia bintiye maneno ya dini na tahadhari peke yake. Badala yake, kati ya mambo makubwa ya imani na ndoa, amemwagiza pia ajipambe na atunge asumini na kuziweka kitandani. Wasomaji wa leo wanabishana kuhusu utii wa mke unaofundishwa humo, na wana haki ya kubishana. Hata hivyo mbishi naye atakiri kwamba mgonjwa huyu hakuliona ua kuwa jambo dogo la kuachwa hadi nyakati njema. Aliliweka ndani ya wasia.

Tukirudi milimani, tunakuta pingamizi linalosikika mara nyingi: kwamba maua ya mapambo katika Kivu ni mambo ya wazungu, yaliyoletwa na misheni, na kwamba kuyatafutia historia ya faraja ni kuipamba dini ya wageni. Jibu la kwanza ni kwamba nchi za Maziwa Makuu zilikuwa na mti wao wa maua ya faraja kabla ya misheni yoyote. Rwanda, jirani wa karibu, huuita umuko. Ni mti wenye maua mekundu kama moto, ambayo mara nyingi hutokea majani yakiwa yamepukutika. Katika masimulizi ya Ryangombe, shujaa huyo alipopigwa na nyati alifia kwenye mti huo, na ibada ya kubandwa, iliyosambaa katika falme nyingi za eneo hili kwa majina mbalimbali, ilifanyika chini ya kivuli chake. Walioijia ibada hiyo walikuwa mara nyingi watu wenye shida: wagonjwa, wasiopata watoto, waliofiwa. Hawakupelekwa na chifu wala kodi. Katika mti uliochanua bila majani waliona ulinzi ambao utawala wa kawaida haukuwapa. Wamisionari waliiita ibada hiyo ushirikina na kuipiga vita, lakini kwa suala letu jambo la maana ni kwamba uhusiano wa ua na mateso haukungoja meli za Ulaya.

Jibu la pili linahusu misheni yenyewe. Mapadri Waasunsionisti walifika eneo la Beni mwaka 1929, na kazi yao ndiyo iliyozaa jimbo linaloitwa leo Butembo-Beni, ambamo imo parokia ya Luofu. Shirika lao, lililoanzishwa na Padri Emmanuel d'Alzon mjini Nîmes katikati ya karne ya 19, ndilo lililokuwa likiandaa hija ya taifa la Ufaransa kwenda Lourdes tangu mwaka 1873, na wagonjwa walipewa nafasi ya mbele katika hija hiyo. Katika simulizi ya Lourdes, ya mwaka 1858, uleule wa utenzi wa Mwana Kupona, Bikira Maria alionekana akiwa na mawaridi miguuni. Miaka miwili kabla ya mapadri hao kufika Kongo, Papa Pius XI alikuwa amemtangaza Tereza wa Lisieux, mtakatifu anayechorwa siku zote akikumbatia mawaridi na msalaba, kuwa msimamizi wa misheni. Kwa hiyo dini iliyopanda milima ya Lubero ilikuja imeshika ua mkono mmoja na mgonjwa mkono wa pili. Sisemi kwamba kila kilichofanywa na misheni kilikuwa cha hiari. Shule zake zilikuwa na viboko, na mapadri na wakoloni waliishi kwa kusaidiana. Ninasema kwamba kati ya vyote walivyoleta, ua lilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo watu walivichukua bila kusukumwa, wakavifanya vyao.

Mahali pa kuliona hilo ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Katika parokia za mashariki ya Kongo, watoto wa kike waliovaa nguo nyeupe hutangulia mbele ya Ekaristi wakiwa na vikapu vidogo. Kwa ishara, wote pamoja huchota petali, huinua mkono, huzirusha, kisha hurudi hatua na kuinama. Siku iliyotangulia, petali hizo hutafutwa majumbani na kandokando ya njia: waridi likipatikana, dalia, kana, na maua ya njano ya alizeti mwitu yanayojaa kwenye kingo za mashamba. Hakuna anayetozwa faini kwa kutokutoa ua. Anayeombwa hukata lililo mbele ya mlango wake, hata kama ni moja. Ardhi hugeuka rangi kwa dakika chache, miguu ya waumini inapita juu yake, na jioni petali zimekwisha kuwa matope. Mwezi wa Tano, ambao ni mwezi wa Maria, na wa Kumi, ambao ni wa rozari, sanamu huwekewa maua upya kila yanaponyauka. Na kwa anayeendelea kusema kwamba dalia ni mgeni, inatosha kumkumbusha kwamba dalia na alizeti mwitu vimetoka Meksiko na nchi jirani zake, upande uleule wa dunia ulikotoka mahindi, maharage, viazi na mihogo. Hakuna mama wa Kinande wa milima hii anayeona haragwe kuwa chakula cha kigeni. Mmea huwa wa mwenyeji kwa kupandwa, kupaliliwa na kupewa kazi katika maisha yake, na ua halihukumiwi kwa sheria tofauti na ya haragwe.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Waswahili husema mwenye njaa hana miiko, na katika Lubero njaa ina historia ya ardhi nyuma yake. Hifadhi ya Albert, leo Virunga, ilianzishwa mwaka 1925 na kupanuliwa hadi mwaka 1935, na uwanda wa chini ukafungwa kwa wakulima na wavuvi. Walowezi nao walichukua sehemu nzuri za milimani. Watu wakabanana kwenye miteremko, na wengine wakahamia misitu ya Beni kutafuta pa kulima. Kisha vikaja vita. Usiku wa tarehe 17 Aprili 2009, wapiganaji wa kundi la waasi la FDLR waliivamia Luofu, wakachoma mamia ya nyumba, na watoto watano wakafia motoni. Miaka iliyofuata wakazi wa kusini mwa Lubero wamekimbia na kurudi mara nyingi kiasi kwamba kukimbia kumekuwa sehemu ya kalenda, na mwaka 2024 waasi wa M23 waliposonga hadi Kanyabayonga na Kirumba barabara ya kaskazini ilijaa tena watu na magodoro. Katika nchi kama hiyo, anauliza mwenye pingamizi, nani ana haki ya kuzungumzia maua? Hatua moja ya udongo ni hatua ya viazi.

Ninaliheshimu swali hilo, lakini linajengwa juu ya dhana kwamba ua na kiazi hugombania udongo mmoja, na kwa kawaida hawagombanii. Ua la kijijini hukaa pale ambapo jembe halifiki: ukingoni mwa njia, kwenye ukuta, chini ya paa linapodondoka maji, juu ya kaburi, kwenye mpaka wa majirani wawili. Alizeti mwitu huzuia udongo usiporomoke kwenye mteremko, na majani yake hukatwa na kurudishwa shambani kama mbolea. Anayekulaumu kwa kupanda ua ukingoni anakudai hesabu ya ardhi ambayo hakuna aliyekuwa akiilima. Zaidi ya hayo, ushahidi wa watu wenye njaa wenyewe hauungi mkono dhana hiyo. Katika kambi ya Ruhleben, karibu na Berlin, Wajerumani waliwafungia maelfu ya raia wa Uingereza wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wanaume waliolala katika mabanda ya farasi. Mwaka 1916 wafungwa hao waliunda chama cha bustani na kuandika barua kwa Shirika la Kifalme la Bustani la Uingereza wakiomba kuwa wanachama, wakapelekewa mbegu na vitunguu vya maua. Walianza na maua. Mboga zilifuata, chakula kilipozidi kuadimika, na mikono iliyokwisha kujifunza kupanda ua ndiyo iliyolima kabichi. Mpangilio huo una maana. Mtu aliyefungwa hupoteza kwanza nguvu ya kuamua lolote, na ua ni uamuzi mdogo kabisa unaoweza kuonekana kwa macho. Akishaamua hilo, ana nguvu ya kuamua mengine. Waswahili walilijua jambo hili waliposema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Pingamizi jingine linatoka ndani ya mila zenyewe. Pwani, mjane aliye katika eda hukaa miezi minne na siku kumi bila manukato wala mapambo, na asumini haimkaribii. Je, mila haituambii hapo kwamba ua ni la sherehe, na msiba haulitaki? Naona inatuambia kinyume chake. Kitu kisicho na nguvu hakikatazwi. Eda inaliondoa ua kwa muda kwa sababu linajulikana kurudisha mtu kwenye maisha, na kwa mjane kurudi huko kunawekewa siku yake. Siku eda inapokwisha, mjane huogeshwa, huvishwa na kutiwa manukato, na huo ndio utangulizi wa kurudi kwake hadharani. Ua limewekewa mahali pake katika mpangilio wa huzuni, kama dawa inavyowekewa saa yake.

Milimani, mpangilio wa huzuni ulivunjwa kwa namna ya kutisha kati ya tarehe 1 Agosti 2018 na 25 Juni 2020, wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa Mangina, ukaenea Beni, Butembo na Katwa, na uliua watu 2,287 kati ya 3,470 walioupata. Maiti ilikuwa chanzo cha maambukizi, hivyo mazishi yalifanywa na vikosi vyenye mavazi ya kinga. Mwili haukuoshwa na jamaa, haukuvishwa na mama, haukukumbatiwa. Watu walipinga, wakati mwingine kwa mawe, na ni kosa kuueleza upinzani huo kuwa ujinga tu. Waliona mkono wa serikali, ambao haukuwalinda dhidi ya mapanga yaliyokuwa yakiua raia karibu na Beni tangu mwaka 2014, ukija kwa haraka kuchukua maiti zao. Itifaki ilirekebishwa polepole, familia zikaruhusiwa kufuata, kusali, kuona na kuweka alama. Hapa nguvu ya ua inajitokeza waziwazi. Katika orodha yote ya vitu ambavyo mfiwa hutoa kwa marehemu, vingi huhitaji kugusa. Wimbo, sala, msalaba wenye jina na ua havihitaji. Vinaweza kutolewa kutoka hatua kadhaa, na bado vikawa vimetoka katika mkono wa ndugu, kwa wakati aliouchagua ndugu. Kanuni za afya zilikuwa za lazima na ziliokoa watu. Ndani ya lazima hiyo, nafasi yoyote ya hiari iliyobaki ilikuwa na uzito wa dhahabu.

Linabaki pingamizi la mwisho, na ndilo ninaloliogopa zaidi kwa sababu lina ukweli mwingi. Ua linaweza kuwa pazia. Viongozi huja baada ya mauaji, huweka mashada mbele ya kamera, hutoa hotuba, huondoka, na waliotenda hawashitakiwi. Mashada hayo humpa aliyeyaweka sura ya mtu anayejali, na kwa mfiwa hayabadilishi kitu. Anayesema kwamba maisha ya Kivu yanahitaji haki kabla ya maua anasema jambo ambalo kila mzazi wa Luofu angeliunga mkono. Lakini kigezo kilekile kinachotenganisha pareto ya mwaka 1942 na dalia ya mlangoni ndicho kinachotenganisha shada la itifaki na ua la jirani. La kwanza limeagizwa, limenunuliwa kwa fedha ya ofisi, na lina kazi ya kumsafisha anayelitoa. La pili halina faida kwa mtoaji, na hakuna aliyemtuma. Faraja ya kweli haimnyamazishi mfiwa. Humpa nguvu ya kuendelea kudai. Watu waliokufa moyo hawaandiki malalamiko, hawaendi kutoa ushahidi, hawarudi kujenga palepale walipochomewa. Luofu imejengwa tena zaidi ya mara moja, na ujenzi huo ni dai.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, ina matokeo kwa vitendo. Wanaopanga makazi ya wakimbizi hupima nafasi ya hema, choo na bomba, na wanafanya vema. Waache pia ukingo mbele ya kila mlango usiopangiwa kazi na mtu yeyote, na wasigeuze kupanda maua kuwa mradi wenye fomu, orodha na picha za kabla na baada, kwa maana ua litakaloamriwa litarudi kuwa pareto. Shule na parokia zinazotunza dalia, kana na mawaridi zigawe vipandikizi kwa wanaorudi vijijini, kama wanavyogawiana mbegu za maharage, bila kudai chochote. Watafiti wa vyuo vya Butembo na Beni wanaokusanya historia ya vita na biashara wawaulize wanawake wazee walipanda nini mbele ya nyumba zao wakati wa Wabelgiji, wakati wa uasi wa Mulele, wakati wa Mobutu na baada ya kila kukimbia, na wayaandike majina ya maua hayo kwa Kinande, kwa sababu humo kuna historia ya uhuru ambayo nyaraka za serikali hazina. Karne moja ya milima hii inaonyesha watu walioamriwa karibu kila kitu: pa kuishi, cha kulima, njia ya kukimbilia, hata namna ya kuzika. Mahali walipoachiwa kuchagua palikuwa padogo, na hapo, tena na tena, walipanda ua. Anayeliita jambo hilo anasa hajazingatia ni nani waliolifanya, wala katika miaka gani.